Mkunjo wa Kushoto

Dada yangu huhesabu kila kitu: ngazi za nyumba, vijiko vya kabatini, vibanio vya nguo kwenye kamba. Hatoi sauti, midomo tu ndiyo inayocheza, na ukimkatiza anaanza upya. Mimi ni mdogo wake, mshonaji kwa kazi, na mtaa mzima unajua kwamba mdomo wangu ni mkali kuliko sindano zangu. Nimemkatiza mara nyingi kwa makusudi, nikacheka. Siku hizi simkatizi tena.

Kuhesabu ndiyo kazi yake. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa katika chumba cha kutakasia vifaa kwenye hospitali kubwa. Chumba kiko chini kabisa, hakina dirisha, na mgonjwa aliyelazwa juu hajui hata kama kipo. Mikasi na makoleo yakitoka kwa madaktari yakiwa na damu, yanashushwa huko, yanaoshwa, yanakaushwa, yanahesabiwa, yanafungwa kwenye kitambaa cha kijani, kisha kifurushi kinaingia kwenye mashine ya mvuke. Seti ndogo ni vifaa kumi na viwili. "Daktari akinyoosha mkono," dada alikuwa akiniambia, "hatakiwi kukuta hewa."

Wenzake walimwita Bi Mkunjo, maana hakuna aliyekunja kama yeye. Unaweka vifaa katikati ya kitambaa, unaleta pembe ya chini, unaleta ya kushoto, ya kulia unailaza juu yake, unamalizia na pembe ya juu, unabandika lebo. Vifurushi vyake vilikaa kwenye rafu vikitazama upande mmoja vyote. Nyumbani ni hivyo hivyo. Hata mfuko wa sukari uliokwisha huukunja pembe nne. Marehemu mume wake alikuwa akisema kwamba akifa asivishwe sanda na mkewe, maana siku ya kufufuliwa hatapata pa kutokea.

Kulikuwa na mazoea fulani mle ndani, na ndiyo yaliyomponza. Kanuni ilitaka kila lebo isainiwe na mkubwa wa zamu baada ya kuhesabu kifurushi. Lakini mle ni maji na mvuke tupu, mikono haikauki, na wino ukiguswa na unyevu unatapakaa. Kwa hiyo, miaka nenda miaka rudi, mkubwa wa zamu alisaini lebo zote asubuhi, mikono ikiwa bado mikavu, na kila mfungaji akawa anabandua moja moja kwa kadiri anavyofunga. Walikuwa watu watano wanaoaminiana. Kanuni ilibandikwa ukutani, nao walifanya kazi wameipa mgongo. Mkubwa wa zamu alikuwa dada.

Siku moja kifurushi kilifunguliwa huko juu, chumba cha upasuaji, mgonjwa ameshalazwa usingizi, na koleo la kubania mshipa halikuwamo. Watu wakakimbizana kutafuta jingine. Kwa dakika kumi na tisa mgonjwa alilala pale, daktari akiwa amesimama na mikono mitupu. Alipona, akaenda kwake wiki ile ile. Dada alipanda wodini mara mbili kumwangalia kutoka mlangoni, na hakuthubutu kuingia.

Saini kwenye lebo ilikuwa yake. Saa nane mchana aliitwa ofisini akiwa bado na aproni ya plastiki, akapewa barua. Hakuulizwa hata neno moja. Barua ilisema kwamba ameachishwa kazi kwa uzembe katika kuhesabu. Niliisoma jioni ile kwa sauti, nikatukana, nikaisoma tena. Yeye alikuwa amekaa tu. Mwishoni akasema, "Wangeandika neno lolote, mdogo wangu. Hilo hapana."

Tunaishi na mama yetu. Masikio yake ni mazito lakini macho ni ya mwewe. Habari ya barua tulimficha. Asubuhi iliyofuata aliuliza, "Leo huendi kazini?" Dada akavaa, akachukua mkoba na kikombe chake, akatoka. Alikuja kukaa kwenye kibanda changu cha ushonaji mpaka saa ya kutoka kazini ilipofika. Kesho yake tena. Alinikunjia vitambaa vyote nilivyokuwa navyo, akanipangia vifungo kwa ukubwa, na mtu aliponiletea suruali ya kupunguza, alihesabu tundu za vifungo kabla yangu. Nilimpa cherehani ya pili ajaribu. Alikataa. Alisema yeye ana kazi yake.

Tulifungua shauri kwenye baraza la kazi, kudai kwamba ameachishwa isivyo haki. Miezi saba baadaye tukaitwa. Aliyemtetea alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi, mtu mwenye sauti nzuri sana ya mkutanoni, ambaye faili alilifungua kwa mara ya kwanza tukiwa tumeshakaa. Nilikuwa nyuma, nimeshika mkoba wa dada.

Mwenyekiti wa baraza akamwonyesha karatasi. "Saini hii ni yako?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kifurushi hiki ulikihesabu na kukifunga wewe?"

Dada akanyamaza. Mwenyekiti akarudia swali. Dada akaitazama mikono yake, ile mikono iliyobabuka kwa dawa, na midomo yake haikucheza hata kidogo. Nilitaka nisimame nimjibie mimi. Katibu alikuwa anatafuta miwani.

Tukiwa kwenye ngazi nilimshika mkono. "Kwa nini hukusema mnasaini asubuhi? Kwa nini?"

"Nikisema hivyo, wote watano wanarudi nyumbani. Mama Mapacha atawalisha nini watoto wake?"

Mama Mapacha alikuwa mwenzake wa meza moja kwa miaka kumi na mitatu. Alifiwa na mume mapacha wakiwa hawajatambaa, na tangu hapo kwetu kulikuwa kwake. Alikuwa akija na watoto wake, anaingia jikoni bila kubisha hodi, anashika kisu na kukata mboga huku akitusimulia mambo ya chumbani kwao mpaka mama anacheka na yeye hajasikia kitu. Tangu siku ya barua hakutia mguu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nilimwambia dada, na huyu wako amefaa nini? Dada alinijibu kwamba mtu mwenye hofu asihukumiwe haraka.

Uamuzi wa baraza ulikuja kwa bahasha. Nasema ulikuja, lakini mimi sikujua. Niliukuta siku nilipovuta blanketi la meza ya kupigia pasi ili nilifue: bahasha imelazwa chini yake, imenyooka kabisa. Ndani iliandikwa kwamba kuachishwa kwake kulikuwa halali, na kwamba asiyeridhika ana siku thelathini za kukata rufaa. Nikatazama tarehe. Siku ishirini na mbili zilikuwa zimekwisha, na juu yake dada alikuwa anapiga pasi kila Jumapili.

Siku hiyo nilimpigia kelele, sikatai. "Wewe unawasaidia watu kukuonea!" nilimwambia. "Wenzio wanasukumwa shimoni, wewe unauliza kina chake!"

"Wameshaandika," akasema.

"Walioandika ni watu. Na watu wana wakubwa wao. Vaa viatu."

Ofisi ya msaada wa kisheria ilikuwa juu ya duka la viatu, ngazi thelathini na nne, kwa hesabu yake. Wakili alikuwa mwanamke mfupi mwenye mafua, na mezani kwake mafaili yalikuwa yamepangana mpaka usoni. Alitusikiliza, akapiga chafya, akasema, "Kwanza mjue jambo moja. Rufaa si kesi mpya. Hatuendi na shahidi mpya wala maelezo mapya. Tunaangalia kilichokuwa mezani siku ile, na kama baraza lilikitumia inavyotakiwa na sheria. Basi."

"Sasa ukweli tuupeleke wapi?" nikauliza.

"Mama, tuanze na ule uliomo humu," akasema, akafungua faili.

Alisoma ukurasa baada ya ukurasa. Kisha akachukua penseli, akazungushia mstari mmoja, akageuza kurasa nyingi, akazungushia mwingine. Mstari wa kwanza ulikuwa kwenye kumbukumbu za siku ile: Mlalamikaji ananyamaza. Wa pili ulikuwa kwenye uamuzi: Mlalamikaji alikiri kuwa alikihesabu na kukifunga kifurushi. "Mnaona?" akasema. "Aliulizwa mara mbili, akanyamaza mara mbili. Kukiri kumetoka wapi?"

Aligeuza tena, na ukurasa wa arobaini na moja ukawa picha. Juu kule, kila kifurushi kinachoingia chumba cha upasuaji hupigwa picha kabla ya kufunguliwa, ili lebo yake ionekane. Hospitali yenyewe ndiyo iliyoipeleka picha hiyo kwenye baraza, kwa ajili ya saini. Na kila mtu alikuwa ameitazama saini.

Mimi ni mshonaji. Ukinipa shati hata gizani, nikipapasa tu nitakuambia ni la mwanamume au la mwanamke, kwa upande unaolala juu. Niliitazama picha ile mara moja. Pembe ya kushoto ilikuwa imelala juu ya ile ya kulia.

"Hiki hukufunga wewe," nikasema.

Dada alikuwa anatazama dirishani.

"Dada! Hiki hukufunga wewe. Ulijua?"

"Nilijua tangu waliponionyesha."

Sikuuliza ni cha nani. Nilishaona mara ngapi Mama Mapacha akikata mboga jikoni kwetu, kisu mkono wa kushoto. Nikafungua mdomo, lakini wakili akainua kiganja. "Sitaki kujua ni cha nani," akasema. "Tafadhali msiniambie. Ninachotaka ni kwamba picha hii ilikuwa mezani na hakuna aliyeitazama." Siku ya ishirini na nane rufaa ikapokelewa na kugongwa muhuri.

Jumamosi iliyofuata dada alinitaka nimsindikize kwa Mama Mapacha. Tulimkuta uani anaanika, sare mbili za shule zinazofanana. Alitukaribisha bila kutuangalia usoni.

"Nimekuja nikuambie kabla hujasikia kwa watu," dada akasema. "Kuna picha ya kile kifurushi. Wakili atasema mkunjo ule si wangu. Hatasema wa nani, na mimi nikiulizwa sitasema."

Mama Mapacha alikuwa ameshika kibanio. Alikibana, akakibandua, akakibana tena mahali pale pale. "Haya, dada," akasema. Sisi hatukupewa hata kiti. Njiani niliropoka yote niliyokuwa nimeyameza pale uani. Dada alikuwa anahesabu hatua.

Rufaa ilisikilizwa baada ya miezi minne, kwenye chumba chenye feni isiyozunguka. Jaji alikuwa mzee wa taratibu, kila ukurasa akiugeuza kwa kidole kilicholowa mate. Wakili wetu aliyasema yake kwa dakika chache, mafua yakiwa yamepona: kwamba kimya kiliandikwa kuwa kukiri, kwamba picha haikutazamwa, kwamba dada hakuulizwa kitu kabla ya kupewa barua. Wakili wa hospitali akasimama akatabasamu. "Mheshimiwa, mkunjo ni mkunjo. Kitambaa hakina jina. Saini ina jina."

Jaji akainamia ukurasa wa arobaini na moja, akakaa hapo. "Siku ile zamu ilikuwa na watu wangapi?"

"Watano, Mheshimiwa."

"Mliwauliza wangapi?"

"Saini ilitosha, Mheshimiwa."

"Nimeuliza wangapi."

Wakili wa hospitali akapekua karatasi zake. "Hatukuuliza, Mheshimiwa."

Tungeishia hapo ningerudi nyumbani nikicheza. Lakini jaji, kwa adabu tu, akauliza kama mkata rufaa ana neno. Wakili wetu alikuwa anainuka kusema hana. Dada alikwisha simama.

"Mheshimiwa," akasema, "wakili wangu aliniambia nisiongeze kitu, anisamehe. Kifurushi kile sikukihesabu, ni kweli. Lakini lebo niliisaini asubuhi, kabla sijaona kitu chochote. Nimefanya hivyo miaka mingi. Kosa langu ni kusaini nisichokiona. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe kwa hilo langu. Uzembe wa kuhesabu siujui, sijawahi kuufanya, na barua inausema."

Wakili wetu alifumba macho. Mimi niliuma kitambaa changu cha kichwani. Niliwaza, ameshajizika, na sanda ameikunja mwenyewe. Jaji akaandika kitu, akamwambia akae.

Tulisubiri wiki tano. Wiki hizo dada alikula kama anayetimiza wajibu, na kwenye kibanda changu aliacha kuhesabu. Vifungo vilikaa vimechanganyika kwenye kopo. Nilivichanganya zaidi, nikidhani vitamkera avipange, lakini alivitazama tu. Hapo ndipo niliogopa kweli. Niliona kwamba tukishindwa, huyu mtu nitabaki naye hivi hivi, amekaa, mikono mapajani.

Siku ya hukumu jaji alisoma polepole kama alivyofanya kila kitu. Akasema kunyamaza si kukiri. Akasema ushahidi uliokuwa mezani ulipaswa kutazamwa wote, si ile sehemu iliyompendeza mtu. Akasema mfanyakazi wa miaka ishirini na miwili alistahili angalau swali moja kabla ya barua. Na juu ya yale aliyoyatamka dada mwenyewe, akasema kwamba hakushtakiwa nayo, na hospitali haiwezi kuazima kosa la leo ili kuhalalisha barua ya jana. Kuachishwa kwake hakukuwa halali. Arudishwe kazini, na barua ile iondolewe kwenye jalada lake.

Nilipiga kigelegele, askari akanitoa nje. Nilikimalizia koridoni.

Nyumbani tukamweleza mama, tukipokezana kupaza sauti sikioni mwake, kwamba dada kesho anarudi kazini. Mama akamtazama. "Najua ulikuwa huendi," akasema. "Mwaka mzima hunuki dawa." Dada akacheka, na katikati ya kicheko akalia, na mama akampangusa kwa pindo la khanga yake kama anapangusa mtoto.

Hospitali ilimpa onyo la maandishi kwa kusaini mapema. Alilisoma lote mara mbili ndipo akalisaini. Sasa mle ndani kila kifurushi kinasainiwa kikiwa kimeshahesabiwa, na karibu na meza pametundikwa taulo la kukaushia mikono. Ni taulo tu lililokuwa linatakiwa, miaka yote hiyo.

Jioni ya siku yake ya kwanza nilifunga kibanda mapema nikamngojea mlangoni. Nilitaka kujua jambo moja. "Umemwona Mama Mapacha? Amesema nini?"

"Hayupo chumbani. Aliomba ahamishiwe dobi, kule kwenye kufua mashuka ya hospitali, wiki iliyopita."

Akavua viatu, akavipanga, akakaa. Kisha akanisimulia. Alipofungua sanduku lake la chuma la kuwekea aproni, alikuta kifurushi kidogo cha kitambaa cha kijani. Hakikuwa na lebo. Pembe ya kushoto ililala juu. Alikifungua mezani, na ndani mlikuwa na koleo moja la kubania mshipa, limepanguswa, halina hata doa.

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, niliruka nikasimama. "Alikuwa nalo! Mwaka na miezi mitatu alikuwa nalo!"

"Lazima lilibaki sinkini. Alilikuta wakati wa kusafisha, ameshasikia kelele za huko juu. Akaogopa."

"Na wewe ulivyokaa kibandani kwangu? Na mama? Ungelipeleka kwa msimamizi! Ungelimrushia usoni!"

"Nimeliosha," dada akasema. "Nikalihesabu na wenzake. Leo limepanda juu na seti."

"Na yeye?"

"Kitambaa nimekipeleka dobi. Alikuwa anapakia mashuka, amenipa mgongo. Nimekiweka mezani kwake."

"Bila kusema kitu?"

Dada aliitazama mikono yake. Ilikuwa imeanza tena kubabuka.

"Nilikikunja kwa kushoto," akasema. "Kilinishinda mwanzoni. Nilirudia mara nne."